Mfugaji, Muuza Vitenge na Bakteria Wao

Siku ya kwanza kazini, hapa Tunduma, nilipewa ndoo, sabuni na onyo: meza ya makohozi usiiguse. Nilikuwa mfanya usafi. Jioni nilisoma sekondari kwenye darasa la watu wazima, na nilipofaulu mkuu wa maabara akanipa koti jeupe.

"Mama Neema, kuanzia leo unapokea sampuli. Jina unaandika ubavuni mwa kikopo. Kwenye mfuniko marufuku, mifuniko inabadilishana. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Wakati ule darubini ilitueleza jambo moja tu: bakteria wa kifua kikuu wapo au hawapo. Ni wa aina gani, haikujua, maana wanafanana mno. Ndipo ukaja mradi wa vinasaba. Sampuli zilipelekwa maabara kubwa, bakteria wakaoteshwa, kisha mashine ikasoma vinasaba vyao vyote, herufi kwa herufi. Wataalamu walitafuta alama: kipande hiki kipo, kile hakipo. Bakteria wa ng'ombe amepoteza vipande ambavyo wa binadamu bado anavyo. Hapo unajua ukoo wake. Na ni muhimu kujua, kwa sababu huyo wa ng'ombe kuna dawa moja kati ya zile za kawaida haimfanyi kitu.

Asubuhi moja walikuja wanawake wawili, mfugaji kutoka bondeni Momba na muuza vitenge wa mpakani. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaandika majina kwenye mifuniko, nikafungua vikopo kuona kama makohozi yanatosha, nikafunga.

Majibu yakarudi. Muuza vitenge: aina ya ng'ombe. Mfugaji: aina ya binadamu. Nikaisoma karatasi mara ya pili. Mwenye ng'ombe si ni mfugaji? Nimebadilisha mifuniko, na daktari anasubiri karatasi hii apange dawa! Nikaenda stoo nikasali, nikatoka nimeamua, nikaingia kwa mkuu.

"Mzee, niliandika kwenye mifuniko."

"Unajua naweza kukufukuza?"

"Najua. Ila wapimwe upya kwanza."

Wakaitwa. Muuza vitenge alikuja amenuna. "Mimi na ng'ombe wapi na wapi? Nawaona buchani tu!"

Mfugaji akacheka mpaka akakohoa. "Na maziwa tunayokuletea sokoni, dada, unachemsha?"

"Nichemshe ladha iishe?"

"Haya. Sisi kwetu tunachemsha. Bwana mifugo alitufundisha."

Safari hii niliandika ubavuni. Baada ya wiki kadhaa majibu yakaja yaleyale. Sikuwa nimebadilisha kitu. Muuza vitenge akapangiwa dawa zinazomfaa, akapona. Mfugaji naye alimaliza zake.

Mkuu aliniita. "La mifuniko nimekuandikia onyo. Sasa niambie, mama. Kama karatasi ingempa mfugaji bakteria wa ng'ombe, na muuza vitenge wa binadamu, ungekuja kukiri?"

Nikachukua barua yangu ya onyo, nikarudi kwenye vikopo.

Mradi ulipoisha niliacha kazi, mgongo ulikuwa umechoka. Wanangu mnaoanza maabara leo, mashine zenu ni nzuri kuliko zetu. Namshukuru Mungu kwa kila siku niliyovaa lile koti. Ila nikipiga magoti, swali la mkuu huwa linakuja, na mbele za Mungu siwezi kudanganya. Nisingekiri. Ningeiweka ile karatasi kwenye faili, nikaenda zangu nyumbani, nikiamini kazi nimeifanya vizuri.