Vibendera Juu, Maji Magotini

Miaka ile ya ruksa, kanisa letu pale Kyela lilifungua shule ambayo kila mtoto alisoma kwa mwendo wake. Tukiwa darasa la kwanza, kila mmoja alikaa peke yake kati ya mbao mbili, akitazama ukuta. Kuongea marufuku, kugeuka marufuku. Ukikwama, unachomeka kibendera juu ya ubao na kumsubiri mwalimu.

Siku moja mto ulifurika wakati wa masomo. Mwalimu alikimbilia stoo kuokoa maboksi ya vitabu vilivyotoka Amerika. Sisi hakutuambia kitu.

Maji yaliingia chini ya mlango, yakanifika vifundoni, kisha magotini. Nikachomeka kibendera. Sikuwaona wenzangu, ila nilisikia vya kwao vikichomekwa, kimoja baada ya kingine. Mmoja alikuwa analia kwa kujibana.

Aliyeingia ni mama yangu, katoka kwenye mpunga, kanga kaifunga kiunoni, tope mwili mzima.

“Nyie watoto, mnangoja nini?” alifoka.

Hakuna aliyemjibu. Si tuliambiwa tusiongee?