Tangi la Samaki Limejaa, na Baba Zuhura Haji Tena

Admin, jina langu libaki kwako. Nyie mnaosoma mnivumilie, maana sina wa kuongea naye, nikianza sinyamazi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, mstaafu. Naishi Kimara kwenye nyumba tuliyojenga na marehemu mume wangu. Mwanangu wa pekee yuko Dodoma na familia yake. Kuna siku nzima inapita sijafungua mdomo isipokuwa kumjibu muuza mboga getini.

Mwaka huu dada mmoja wa Mbezi Beach, tuliyekuwa naye kazini, alikuwa anahama. Akaniuzia tangi lake la samaki, kioo kirefu karibu sawa na kochi la watu watatu. Nilitaka tu kitu chenye uhai ndani ya nyumba. Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ikalileta, wapakuzi wakaliacha sakafuni juu ya blanketi kwa sababu meza yake ilikuwa bado inatengenezwa kwa mafundi wa Keko. Meza ilipofika nikampigia mwanangu. Akasema, "Mama, usiliguse. Jumamosi nakuja na wenzangu, tutalinyanyua."

Jumamosi nikapika pilau. Hadi mchana kimya. Nikampigia. "Ah, Mama! Nisamehe, imenipita kabisa. Si uwaombe hata majirani?"

Nikakaa na simu mkononi napitia majina. Tangi lile linataka watu wanne. Jamani, sikupata wanne. Shemeji yangu anaumwa mgongo, na wengine mara ya mwisho kuonana ilikuwa siku ya kuanua matanga. Nililia pale, na wala sikuwa nalilia tangi.

Nikajitanda khanga, nikatoka. Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, nitamwita Baba Zuhura. Tulikuwa tunasalimiana tu njiani. Nikamweleza shida yangu. Akasema, "Ni hilo tu, Mama?" Akaenda kijiweni kuwaita madereva watatu wa bodaboda.

Kumbe aliwahi kufuga samaki enzi za uhai wa mkewe. Hakukubali tangi libebwe hivihivi. Meza kwanza ikasogezwa mbali na dirisha, jua lisilipige. Akaleta pimamaji kutoka kwake, akaiweka juu ya meza: upande mmoja umelala.

"Sakafu yako ina mteremko, Mama. Tukijaza hivi kioo kinaweza kupasuka. Maji mazito haya, usiyaone hivi."

Wakapachika vibao chini ya miguu ya meza hadi ikatulia, wakatandika sponji juu, ndipo wakahesabu, "Moja, mbili, beba!" Mie nilifumba macho.

Pilau waliimaliza yote. Mmoja anaomba pilipili, mwingine anacheka mdomo umejaa. Nilikuwa nimesimama jikoni nawasikiliza tu.

Baba Zuhura akanikataza kujaza kwa mkupuo. "Tia robo kwanza, tuone kama linavuja au meza inahama. Kesho nitapita." Akapita kesho, na kesho kutwa. Anapima meza, anapapasa pembe za kioo kwa kitambaa kikavu, ananionyesha waya wa pampu uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, maji yasije yakafuata waya. Halafu tunakunywa chai. Alinisimulia kuhusu mkewe, nami nikamsimulia kuhusu mume wangu, mambo ambayo hata mwanangu sijawahi kumwambia.

Jirani mmoja akapeleka maneno Dodoma. Mwanangu akanipigia kwa hasira: "Mama, mwanaume gani anaingia na kutoka nyumbani kwa baba? Tena si wa dini yetu! Watu wa jumuiya watasemaje?"

Nikamwambia anakuja kukagua tangi.

"Basi likijaa, iwe mwisho."

Limejaa. Samaki wanaogelea, meza haijasogea hata kidogo. Siku ya mwisho Baba Zuhura alipima, akavaa viatu, akasimama mlangoni. "Sasa liko salama, Mama. Sina tena la kukagua." Nilitaka kumwambia akae, chai iko jikoni. Badala yake nikasema, "Ahsante, Mungu akubariki." Akaenda.

Tangu hapo hajaja. Tukikutana njiani ananisalimia macho chini, naitikia, napita. Hajawahi kunitamkia neno la mapenzi, na sijui kama ananiwaza. Ndoa siitafuti, au labda najidanganya. Ninachojua ni kwamba saa ya chai ikifika natega sikio getini. Mwanangu nampenda na sitaki anisuse, ila yeye jioni ana watu wa kula nao.

Mara mbili nimevaa vizuri niende nikabishe hodi kwake, nikaishia getini kwangu nikarudi ndani. Wenzangu, hasa nyie wa rika langu, nishaurini nifanye nini. Mwanamke mtu mzima anaanzaje kumwambia mtu "njoo", wakati hakuna kitu cha kutengeneza?