Mdomo wa Tatu

Mimi ni mtu wa kuchukia kupoteza vitu, na sioni haya kusema. Kwetu, upande wa Bomet, chai ikimwagika njiani kabla ya kufika kituo cha kununulia, unainama unaokota jani moja moja, hata kama kunanyesha. Ndivyo baba alivyonilea, na tabia hiyo hiyo ilikaribia kumuua.

Katikati ya miaka ya tisini, baba alivimba koo mpaka hewa ikakataa kupita. Hospitalini wakamtoboa shingo kwa mbele, wakamtia bomba fupi la kupumulia. Pumzi ikawa inaingilia na kutokea hapo, haifiki mdomoni tena, kwa hivyo sauti ikaisha. Mzee aliyekuwa akiita ng'ombe wakamsikia ng'ambo ya mto, sasa anafungua mdomo na hakuna kitu. Nililia, sitaficha.

Mapafu nayo yalikuwa na nimonia, kwa hivyo aliwekewa oksijeni ya kasi. Ilitoka kwenye mtungi, ikapitia chupa ya maji ili isimkaushe, ikafika shingoni kwa kiungo kidogo cha plastiki chenye midomo mitatu: mmoja kwenye bomba lake, mmoja kwenye mpira wa oksijeni, na wa tatu wazi tu, ukitoa upepo shhhh kutwa nzima.

Ule upepo ulinikera, jamani! Tulikuwa tumeambiwa mitungi ni michache. Sasa dawa ya baba inamwagika hewani na watu wanapita tu? Siku ya tatu, wageni walipoondoka, nikasokota pamba, nikaziba ule mdomo na kubandika plasta juu. Upepo ukanyamaza. Nikajipongeza kabisa.

Baba akatoa macho. Akapiga kitanda kwa kiganja. Nikamwambia, "Tulia baba, sasa yote inaingia kwako." Akapiga tena. Kifua kilikuwa kimepanda na hakishuki, na mimi nikadhani ni nguvu zinarudi. Ujinga ni kitu kibaya sana.

Sista wa wodi alikuwa mwisho wa chumba akimfunga mtu kidonda. Mwanamke mfupi, mzaliwa wa Londiani, wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati, na miaka ile ya mapigano ya kikabila watu wa kwao na wa kwetu walikuwa wakiangaliana kwa jicho la pembeni. Hakuna aliyemwita. Aliinua kichwa kwa sababu hakusikia tena ule upepo. Wee! Sijawahi kuona mtu akikimbia hivyo. Aling'oa kiungo chote shingoni, hewa ikamtoka baba kwa kishindo, kifua kikashuka, akakohoa, akapumua. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

Nilingoja matusi, na niliyastahili. Yeye alitoa pamba, akarudisha oksijeni, akakaa na baba mpaka akatulia. Kisha akachukua glavu mpya, akakata ncha ya kidole kimoja, akaipuliza kwa mdomo bila kukata pumzi. Glavu ikajaa kiasi, ikabaki hivyo, upepo ukitokea kidoleni.

"Huo msukumo kidogo ndio tunautaka, mama," akaniambia. "Unazuia mapafu kusinyaa."

Akapuliza tena, safari hii amekiminya kile kidole. Glavu ikavimba, ikavimba, mpaka nikapiga kelele aache.

"Mzee akivuta, lazima atoe. Kile ulichoona kinamwagika ni pumzi yake ikitoka."

Hakunitangaza kwa wagonjwa wala kwa ndugu zangu. Aliniachia hata kazi ya kulinda ule mdomo, nihakikishe shuka haiufuniki, kana kwamba mimi ni wa kuaminiwa. Nimesomeshwa na walimu wengi, lakini yule anawapita wote.

Baada ya wiki mbili uvimbe ukapungua, wakambadilishia baba bomba jembamba. Sista akamfundisha kuliziba kwa kidole anapotoa pumzi, ili hewa ipande juu na kumpa sauti. Mimi nilisimama pembeni nikimwomba Mungu mzee awe amesahau.

Baba akaweka kidole shingoni, akaniangalia. Sauti ilitoka ikikwaruza, lakini ilikuwa yake.

"Siku ile nilikuita," akasema. "Nilikuita kwa jina, tena na tena. Na wewe ulikuwa unanitabasamia."