Bunduki ya Hyasinta

Beno anauza dawa ya panya Kariakoo kwa kipaza sauti cha begani. Sauti iliyorekodiwa humo ni ya mkewe, Hyasinta: "Panya akionja, haagi!" Wateja wanaipenda, naye hutamba kwamba bila mke huyo angekuwa anauza unga mtupu.

Juzi alizima kipaza ili apumzike kivulini, mlangoni kwa Alpesh, muuza bunduki wa Msimbazi. Akachungulia ndani. Hyasinta huyo, bunduki ya upepo begani, analenga kalenda ukutani!

"Hii haina kelele," Alpesh alikuwa anamwambia. "Ukifyatua usiku, majirani hawaamki. Chukua risasi butu, hazitoboi bati. Na tochi ya mwanga mwekundu, panya hawaushtukii."

"Na darubini ya kulengea?"

"Ya nini, dada, jikoni? Utapoteza hela bure."

Hyasinta akatoa kibali cha polisi. Hapo ndipo Beno alipochomwa moyo. Kibali cha bunduki hakipatikani kwa siku moja. Kumbe mwenzake alikuwa akizunguka maofisini, jioni anarudi kumpakulia ugali kama hakuna kitu!

"Lakini dada," Alpesh aliuliza, "dawa ya panya hujajaribu?"

"Dawa? Panya wa kwangu wamenenepea hiyo hiyo dawa."

Beno alitaka kufoka. Kwa hasira akawasha kipaza mpaka mwisho: "Panya akionja, haagi!"

Hyasinta aligeuka. Hakushtuka hata kidogo.

"Afadhali umekuja," alisema. "Nishikie tochi."