Yai Lililotoka Damu

Katika ghorofa lao pale Kariakoo, Klara Komba alijulikana kama fundi wa magauni asiyebabaishwa na mtu. Wateja wakorofi aliwamudu, dalali wa nyumba alimmudu. Ndiyo maana alijishangaa alivyoingiwa na woga kwa ajili ya mayai matano.

Mayai yenyewe aliyaleta mumewe, Filbert, mlinzi wa godauni karibu na bandari, ambako tajiri hufuga bata bukini wapigie kelele wezi. Lori la kontena lilikuwa limemkanyaga jike aliyekuwa akiatamia. Filbert akayaviringisha mayai yake kwenye koti, akaja nayo nyumbani yakiwa bado na joto.

Hafidhi wa ghorofa ya chini, muuza vifaa vya kuku, aliwaazima mashine ndogo ya kutotolesha, yenye feni na kipimajoto. Aliwaonya kwamba bukini si kuku: huchukua kama siku thelathini, mayai hugeuzwa na kunyunyiziwa maji, na joto likiyumba, basi.

Hiyo "basi" ilimkaa Klara moyoni. Alikuwa akikata kitambaa, mara anaacha mkasi kwenda kutazama kipimajoto. Siku alipoyamulika kwa tochi ya simu akaona mishipa myekundu na kivuli kinachocheza ndani, hofu ilizidi. Miaka mingi nyuma alijifungua mtoto wa kike ambaye hakumaliza hata siku moja. Tangu hapo hakuwahi kukabidhiwa tena uhai mdogo namna ile.

Jumamosi ya wiki ya mwisho, yai moja likatoboka. Kidomo kikachungulia, na sauti nyembamba ikasikika. Saa tano asubuhi umeme ukakatika.

Filbert alikuwa kazini. Klara alifunika mashine kwa blanketi, akachemsha maji kwenye jiko la gesi, akayatia kwenye chupa na kuzipanga pembeni. Saa nane mchana akagundua kwamba sauti imekoma. Kidomo hakichezi, na utando uliozunguka tundu ulikuwa umekauka kama karatasi.

Hakuweza kuvumilia. Akabandua kipande cha ganda kwa ukucha, kisha cha pili. Damu ikachuruzika kwenye kidole chake.

Akampigia Harshida wa Upanga, Mama Sagar, mtu mzima ambaye yeye humshonea blauzi za sari, na aliyekuwa mkunga kabla ya kustaafu. Hata shikamoo alisahau.

"Mama Sagar, nimeua."

Harshida akamuuliza taratibu ni nani aliyekufa. Alipoelewa, hakucheka. Alitaka kujua kama damu ni nyingi. Klara akasema ni matone tu.

"Basi ondoa mkono, fundi. Weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu, funika, usiguse tena. Nakuja."

Alikuja na bajaji, akapanda ngazi za ghorofa nne kwa miguu kwa kuwa lifti nayo ilikuwa imezimika, akafika anahema. Akainama juu ya yai kwa muda mrefu. Alisema bata hawajui, ila damu anaijua: huyo hakuwa tayari kutoka, na huenda ukimya wake ulikuwa wa kupumzika. Akavuta kiti.

"Na akifa?" Klara aliuliza.

"Akifa, hatakuwa amekufa peke yake."

Wakakaa, wakibadilisha maji ya chupa kila yanapopoa. Umeme ulirudi saa kumi na moja jioni. Harshida akaondoka, yai likiwa kimya vilevile.

Jumapili asubuhi Klara hakwenda kanisani. Vifaranga wawili walitoka bila msaada wa mtu. Mayai mawili hayakutoboka kamwe. Lile la damu likapasuka alasiri, likamtoa kifaranga aliyelowa, akalala kifudifudi kama tambara. Klara aliziba macho kwa kanga. Filbert ndiye aliyemgusa bega, akamwambia atazame: shingo ilikuwa inanyanyuka, inaanguka, inanyanyuka tena.

Harshida alipiga simu kuuliza habari. Klara akaisogeza simu kwenye mashine ili mama wa watu asikie mwenyewe.