Gari Lililonung'unika Likiwa Tupu

Baba alikuwa ameshaamua. Mnunuzi wa chuma chakavu angepanda kutoka Mombo siku ya Jumamosi, na gari letu lingeondoka naye.

"Giaboksi imekufa," alisema, amekaa kwenye benchi lake mbele ya nyumba. "Na gari la umri huu halinunuliwi giaboksi. Ni kumnunulia marehemu viatu."

Kwa kadi gari lilikuwa la baba, lakini aliyeliendesha ni dada yangu, akibeba abiria wa Lukozi na Soni, na ndilo lililomlisha yeye na wanawe tangu afiwe na mumewe. Bila gari lile angerudi kulima kibarua, na mgongo wake haukuwa tena wa jembe. Aliingia ndani akavaa ovaroli.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na katika mambo ya magari ninachokiweza vizuri ni kutoa maoni. Nilikuwa nimeshatoa: giaboksi. Jirani naye, giaboksi. Dereva mmoja wa stendi alisema difu, ila alisema huku anatafuna muhogo, sikumtilia maanani. Penye wengi pana mengi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi: gari likishika mwendo linanguruma chini ya miguu, sakafu inatetemeka mpaka meno yanagongana, na likianza kuondoka kwenye mlima linapiga kishindo kimoja kizito.

Dada alinichukua tukapanda kuelekea Magamba. Akabadili gia, mngurumo ukabaki ule ule. Mahali barabara inapotulia kidogo akatoa gia kabisa, akaliacha gari liserereke lenyewe. Ule ule. Akakanyaga mafuta, injini ikalia kwa nguvu, lakini mngurumo haukupanda nayo.

"Unafuata magurudumu," alisema. "Injini hauijui. Giaboksi ingebadili sauti kila nikibadili gia." Akakata kona mbili. "Ila siku ya soko, gari limejaa, sikuusikia. Kwa nini sikuusikia?"

Mimi ningeshukuru kwamba sikuusikia, nikalale. Yeye alirudi nyumbani kumchukua baba.

Baba alinung'unika kuliko gari, lakini alikuja akakaa mbele. Karibu na kanisa tukawakuta kina mama wa kwaya wanatoka mazoezini. Dada alisimamisha gari, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, kisha akawaambia wazi kwamba anahitaji uzito. Kwetu mtu akiomba mkono wa kazi, yaani msaragambo, haulizwi mengi. Msaragambo ni msaragambo, hata kama kazi yenyewe ni kukaa.

"Huu ndio msaragambo wa umri wangu," alisema bibi mmoja, akapanda wa kwanza.

Gari likajaa mpaka mlangoni. Tukaondoka, na baada ya kishindo kile cha kuondokea, kimya. Hakuna mngurumo, hakuna kutetemeka, gari linakwenda kama lilivyokuwa zamani. Kina mama wakafurahi wakaanza wimbo.

"Mama zangu, naomba msiimbe kwanza," dada alisema. "Nasikiliza."

Kwaya nzima ikanyamaza. Sijawahi kuona mtu mwingine akiweza jambo hilo, hata mchungaji. Tukawa tunamshusha kila mmoja kwenye njia ya kwake, na kila alipoteremka mtu, mngurumo ulirudi kidogo. Alipobaki yule bibi peke yake, sakafu ilishaanza kuwasha nyayo. Alipoteremka naye, meno yakaanza kugongana upya. Nilimtazama dada usukanini, uso umetulia, na nikajivunia kuzaliwa naye tumbo moja.

Baba alikuwa anatazama mbele tu. Nadhani alishaelewa kabla yangu.

Enzi zake gari lile lilibeba kabichi. Wabeba mboga wote wa Lukozi hufanya jambo moja: huongeza jani la chuma kwenye springi za nyuma, moja kila upande, ili gari lisikalie matairi. Baba alikuwa ameongeza yake kwa mkono wake, na watu walikuja kuyatazama. Kwa kabichi yalikuwa sawa. Lakini dada hubeba watu, na mara nyingi hurudi na wachache. Gari likiwa tupu, majani yale hulinyanyua kisogo, na propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, huzunguka imepinda kupita kiasi kwenye maungio yake.

Nyumbani dada alizuia magurudumu kwa mawe, akaingia chini. Kabla hajafungua nati hata moja alichora mstari wa chaki kwenye maungio, propela irudi ilivyokuwa. Akaitoa, akaipakata kama mtoto, akakizungusha kiungo cha mwisho, kile mafundi wanachokiita kros. Upande mmoja kilikuwa kimekauka grisi na kuliwa, kinakwama, kinaachia, kinakwama. Alimwekea baba mkononi. Baba naye akakizungusha, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Soni kros zipo," alisema dada. Alijua, nami nilijua, kwamba kros mpya nayo ingeliwa vilevile, na alijua nani alifunga majani yale. Mtoto hamwambii baba yake jambo hilo mbele ya mdogo wake. Akajifanya anafuta spana.

Baba aliiweka ile propela mapajani.

"Mama," alimwita dada hivyo, kama anavyomwita anapokuwa laini, "wewe hubebi kabichi."

"Sibebi, baba."

"Basi toa yale majani yangu."

Jumamosi mnunuzi wa chuma chakavu alifika na lori lake na kamba zake. Gari halikuwepo. Dada alikuwa ameshafunga kros mpya, akaondoka alfajiri na abiria wa Soni, na tulilisikiliza likishuka mpaka kona ya mwisho, halina kelele yoyote. Mnunuzi akauliza mzigo uko wapi. Baba akainuka kwenye benchi lake, akaingia nyuma ya nyumba, akarudi amebeba begani majani mawili ya springi, yamefutwa matope yakawa safi.

"Mzigo ni huu," alisema. "Lile gari lina mwenyewe."