Inveta Niliyomchagulia Baba

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, nilijua kila kitu. Ndiyo sababu baba alinichukua kwenda stoo ya ofisini kwao kuchagua inveta.

Baba ni bwana mifugo. Alipohamishwa kutoka Mbeya kuja Sumbawanga alikabidhiwa gari ambalo mtaalamu mmoja wa Kizungu aliliacha alipomaliza mkataba. Nyuma lina kitanda, jiko la gesi na friji ndogo. Nililipa jina la Ikulu. Taabu ya Ikulu ilikuwa hiyo friji: inataka umeme wa nyumbani, na sisi tuna betri ya gari tu. Inveta, mashine ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, Mzungu aliondoka nayo. Na bila ubaridi chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, haifiki kijiji cha Muze, kule chini kwenye joto, ambako kuku walikuwa wamekwisha kufa sana na watu wameanza kusema sindano za serikali ni maji.

Stoo tulikuta inveta mbili. Moja nzito kama jiwe la kusagia, nyingine ya kubeba kwapani.

"Ndugu, chukua kubwa," mtunza stoo alisema.

"Haitamaliza betri hiyo?" Baba akanigeukia. "Mwanasayansi, unasemaje?"

Friji imeandikwa wati themanini. Inveta ndogo, mia na hamsini. "Inabaki sabini, baba. Hizo tutachemshia chai."

Wakacheka wote wawili, baba akachukua ndogo, mimi nikawahi mpirani. Mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa. Hilo sikulijua, wala sikuuliza. Jioni tuliijaribu inveta kwa taa ya mezani, ikawaka, nikapiga makofi.

Likizo tukateremka Muze, friji imepozwa ofisini tangu jana yake. Njiani inveta ikawa inalia nziii, kitaa chekundu kinawaka. Nikamwambia baba nyekundu maana yake inachapa kazi.

Asubuhi ya pili watu walipanga foleni, kuku kwapani. Mbele alisimama bibi mmoja aliyekuja na kuku wake wote ndani ya tenga.

"Shikamoo, bibi," baba akasema.

"Marahaba. Haya, hawa wakifa, utakuja kunitagia wewe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Baba akacheka pia, akamwapia kwamba hawatakufa.

Kazi yangu ilikuwa kuleta vichupa vya chanjo. Nilifungua friji niibe soda kwanza, nikakuta ya vuguvugu. Vichupa navyo vuguvugu. Nje baba ameshakunja mikono ya shati. Nikisema, watamcheka. Hapana, niseme kweli: watanicheka mimi. Nikavitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kunywa uliokuwa kivulini, nikavifuta, nikampelekea.

Akakishika kimoja. "Baridi safi kabisa," akasema, akajaza sindano.

Kideri kilikuja baada ya wiki chache. Habari zilipofika ofisini, baba alichukua gari siku ileile, nami nikapanda. Kwenye mteremko nikamweleza yote: friji, mtungi, soda. Akaegesha. Lori la mahindi likatupita.

"Hayo usiyaseme kijijini," alisema. "Wakisikia nilimwachia mtoto chanjo, hata ng'ombe hawataleta. Nitasema nilikosea mimi."

Nilijaribu kutafuta utani hapo. Mimi huwa sikosi. Nilikosa.

Akasema hivyo mkutanoni, amesimama, kofia mkononi. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Mwezi uliopita tulirudi tena, na chanjo mpya, na inveta kubwa. Friji ilikuwa baridi mpaka inauma vidole. Baba alipanga meza, sindano, kitambaa cheupe. Jua likapanda. Watu walipita na majembe yao, wakasalimu vizuri, wakaenda zao. Karibu na adhuhuri yule bibi alikuja, mikono mitupu.

"Nimekuja kukusalimia, baba," alimwambia. "Kuku sina. Na ningekuwa nao nisingeleta."

Baba akamshukuru kwa kuja. Akamwinukia, akampa kiti chake, na mwenyewe akaendelea kusimama kando ya meza, uso umeelekea njiani.